Wajane Waliosahauliwa: Namna ya Kusaidia Familia Yenye Mgonjwa

Somo la juma: Matendo ya Mitume 6:1–7. Soma pia Marko 5:25–34 na 2 Wakorintho 8:16–22.



Kabla hatujaingia kwenye Matendo, fungueni kwanza Marko sura ya 5, habari ya yule mwanamke aliyetokwa na damu kwa miaka 12. Tukilihubiri fungu hili huwa tunakimbilia pale alipoligusa vazi la Yesu. Lakini Marko ameandika jambo ambalo mtu asiyewahi kuuguza hulipita haraka. Anasema mwanamke huyu alikuwa ameshakwenda kwa waganga wengi, amemaliza mali yake yote, na badala ya kupata nafuu hali ilizidi kuwa mbaya. Kwa hiyo siku ile alipojipenyeza katikati ya umati alikuwa na mateso mawili mwilini mwake na nyumbani mwake: damu na ufukara.

Ugonjwa wa muda mrefu hauingii nyumbani peke yake. Chukua mfano wa familia ambayo wengi wetu hapa Marekani tutaitambua, ingawa si familia ya mtu fulani wa kanisa hili. Baba anafanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama. Mama anahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee. Watoto ni wanne. Mama anapimwa, anaambiwa ana saratani ya titi. Mshahara wake unakatika. Baba anaanza kukosa zamu kwa sababu mtu wa kumpeleka mkewe kwenye matibabu ni yeye. Mafuta ya gari yanaongezeka, maegesho ya hospitali yanalipiwa, mtoto mdogo anahitaji mtu wa kubaki naye. Mwenye nyumba anataka kodi yake tarehe moja kama kawaida. Na kule Goma, au Kigoma, au Kakamega, kuna bibi anayesubiri hela ya dawa za presha ambayo binti yake alikuwa akimtumia kila mwisho wa mwezi.

Hilo la mwisho ndilo linalowafanya watu wetu wanyamaze. Sisi tulio huku ndio bima ya nyumbani. Simu ikilia usiku tunajua ni hospitali, ni ada ya shule, ni msiba. Mtu aliyezoea kutoa kwa miaka 10 hajui namna ya kupokea. Anaona akisema "naumwa, sina kodi" amevunjika mbele ya watu, na habari itafika nyumbani kabla ya kesho. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nasi tunapenda kumtupia mgonjwa methali hiyo kama lawama. Nadhani inafaa pia tujiulize sisi wenyewe: amemficha nani, na kwa nini? Wengine wamewahi kuona shida ya jirani yao ikizungushwa kwenye kikundi cha WhatsApp, jina, picha ya kitandani na namba ya chumba. Hawataki yawapate.

Kuna jambo jingine niliseme wazi. Msiba tunauweza. Ndugu akifariki, ndani ya siku tatu tumeshachanga maelfu ya dola mwili ukazikwe nyumbani, na watu wanasafiri kutoka majimbo mengine kuja kukesha. Huo ni upendo wa kweli na usipungue. Lakini ndugu huyo huyo alipokuwa hai, amelala miezi minane, ni wangapi tulijua kwamba umeme wa nyumba yake ulikaribia kukatwa?

Malalamiko ya lugha

Sasa tuje kwenye Matendo 6. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na huduma ya kila siku ya kuwalisha wajane. Idadi ya wanafunzi ikaongezeka, na yakazuka manung'uniko. Wayahudi wenye asili ya Kiyunani waliwalalamikia Waebrania kwamba wajane wao walikuwa wanasahauliwa.

Tuwaelewe hawa Wayunani ni nani. Hawakuwa watu wa mataifa. Walikuwa Wayahudi walioongea Kiyunani, ambao mizizi yao ilikuwa nchi za mbali. Mjane wa namna hiyo mjini Yerusalemu alikuwa na shida mbili: hana mume, na hana ukoo wa karibu wa kumbebea mzigo, maana jamaa zake wamebaki ng'ambo. Kwa maneno mengine, alikuwa kama sisi.

Angalieni pia kwamba Luka hasemi kuna mtu mwovu aliyeamua wajane hawa wasile. Anasema walisahauliwa. Ni jambo la kawaida sana, na ndiyo maana linaumiza. Anayegawa anawakumbuka anaoongea nao. Anayeongea nao ni wa lugha yake, wa mtaa wake, aliosafiri nao. Hapa kwetu Kiswahili kinatuunganisha, lakini tusijidanganye, ndani ya Kiswahili hicho hicho kuna vikundi. Waliokaa pamoja Nyarugusu wanajuana. Waliokaa Kakuma wanajuana, na wa Nakivale vivyo hivyo. Wenye upatu wao wanasaidiana ndani ya upatu, wenye chama ndani ya chama, wenye likelemba ndani ya likelemba. Mama aliyekuja peke yake kwa njia nyingine, anayekaa kiti cha nyuma na kuondoka mara baada ya baraka, ataugua mwezi mzima tukidhani amepata kazi ya Jumapili.

Mitume walifanya nini? Hawakuwakemea waliolalamika. Hawakusema "tuombe tu, Bwana ataonekana." Waliona hilo ni tatizo la utaratibu, wakaliwekea utaratibu. Wakaliambia kanisa lichague watu saba, na sifa walizotaka ni nzito kwa kazi inayoonekana ya jikoni: wenye kushuhudiwa mema, waliojaa Roho na hekima. Kugawa chakula kwa haki si kazi ya mtu yeyote aliye na nafasi.

Halafu someni majina ya wale saba, mstari wa 5: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Jina peke yake halithibitishi kila kitu, maana hata Wayahudi wa Palestina wengine walikuwa na majina hayo. Lakini nikiyatazama yote saba kwa pamoja naamini kanisa liliwakabidhi sanduku watu wa upande uliokuwa umesahauliwa. Ni uamuzi wa imani kubwa. Sisi kwa kawaida hufanya kinyume: anayelalamika tunamwita mchochezi, na kamati tunaijaza watu wetu.

Bahasha iende wapi?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo fedha nyingi za makanisa yetu zinapopotea, na si kwa wizi.

Wengi wetu tumetoka mahali ambapo usipoweka fedha kwanza hutibiwi, na usipomaliza bili hutoki. Nchini Kenya ilibidi Mahakama Kuu iamue mwaka 2015 kwamba kumzuilia mgonjwa kwa sababu ya deni la hospitali ni kinyume cha katiba. Mtu aliyekulia kwenye woga huo akipokea bahasha ya hospitali ya hapa yenye dola 18,000 anatetemeka. Ama analipa kwa kadi ya mkopo, ama anaitupa droo asiione tena, ama kanisa linachanga na kuipelekea hospitali kila kilichopatikana.

Tufanye hesabu ya mfano. Bili ni dola 18,000. Kanisa limechanga dola 3,000, tukazipeleka zote hospitali. Deni limebaki 15,000, na familia bado haina kodi, haina mafuta, haina chakula. Tumetoa kwa moyo safi na hatujapunguza usiku mmoja wa kutolala.

Sasa sikieni jambo ambalo wengi hawajaambiwa. Hospitali nyingi za Marekani zimesajiliwa kama mashirika yasiyojiendesha kwa faida, na kwa hiyo hazilipi kodi ya mapato ya serikali kuu. Sheria ya afya ya mwaka 2010 inazidai hospitali hizo ziwe na utaratibu ulioandikwa wa kuwasaidia wagonjwa wasio na uwezo: nani anastahili kusamehewa bili yote, nani apunguziwe, na aombe vipi. Kwenye tovuti zao na kwenye karatasi za bili utauona kwa jina la Financial Assistance. Mgonjwa ana siku 240 za kuomba, zikihesabiwa tangu bili ya kwanza aliyotumiwa baada ya kutoka hospitali. Na kabla ya siku 120 kupita, hospitali hairuhusiwi kuchukua hatua kali kama kumshtaki mahakamani au kuripoti deni lake liharibu rekodi yake ya mikopo.

Hii ina maana kwamba mchango wa kwanza wa kanisa kwa familia yenye mgonjwa huenda usiwe fedha kabisa. Huenda ukawa ni dada mmoja anayesoma Kiingereza vizuri, anayekaa mezani na familia jioni moja wakajaza fomu hiyo. Wataambatanisha hati za mshahara za miezi ya karibuni na nakala ya taarifa ya kodi, watatunza nakala ya kila karatasi, na watapiga simu baada ya wiki mbili kuuliza imefika wapi. Waombe pia bili inayoonyesha kila huduma na bei yake, maana makosa huwemo. Kazi hii haina kipaza sauti wala picha, lakini fomu moja inaweza kufuta deni ambalo harambee tano zisingelifuta.

Mipaka yake tuijue ili tusiwape watu matumaini ya uongo. Hospitali za kibiashara hazifungwi na kifungu hiki, ingawa nyingine zina utaratibu wao wenyewe, ulizeni. Kila hospitali ina vigezo vyake vya kipato. Na daktari, kwa mfano yule wa dawa ya usingizi, anaweza kuleta bili yake pembeni ambayo haimo kwenye msamaha wa hospitali. Hospitali inatakiwa iwe na orodha ya madaktari waliomo na wasiomo, nayo iombwe.

Kuhusu dharura: tangu mwaka 1986 kuna sheria inayoitaka idara ya dharura ya karibu kila hospitali hapa kumpima mtu na kumtuliza hali yake bila kwanza kuangalia kama anaweza kulipa. Bili itakuja baadaye, ndiyo, lakini mtu asife nyumbani kwa kuogopa mlango.

Na mkalimani ni haki ya mgonjwa, bila malipo, katika hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu. Semeni "Kiswahili" mapema wakati wa kupanga miadi. Kama mgonjwa anaelewa zaidi Kinyarwanda, Kirundi au Kibembe, aseme hivyo asione haya. Tusimtumie mtoto wa miaka 11 kumwambia mama yake kwamba uvimbe umesambaa. Sheria yenyewe hairuhusu hospitali hizo kumtegemea mtoto kuwa mkalimani isipokuwa pale penye dharura wakati wanamtafuta mkalimani. Nasema kwa uchungu, kwa sababu jambo hili lipo kwetu na tunalichukulia kawaida.

Basi bahasha iende wapi? Iende pale ambapo hakuna fomu ya kuombea. Kuna sheria ya mwaka 1993 inayomruhusu mfanyakazi kukaa nje ya kazi hadi wiki 12 kwa ugonjwa wake au wa mke, mume, mtoto au mzazi, akirudi akute kazi yake. Awe amefanya kazi hapo angalau miezi 12 na saa 1,250 katika mwaka uliotangulia, na mwajiri awe na wafanyakazi 50 au zaidi. Lakini sheria hiyo inalinda kazi tu, mshahara hailindi. Wiki 12 bila mshahara ni kodi ya nyumba mara tatu. Hapo ndipo dola 3,000 zetu zinapokuwa ukuta wa kweli: kodi, umeme, mafuta ya gari, na hata ile dawa ya presha ya bibi kule nyumbani, ili mgonjwa apumue.

Asiwepo wa kulaumu

Paulo alipokuwa anakusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Katika 2 Wakorintho 8 anamtuma Tito, pamoja naye ndugu aliyechaguliwa na makanisa, kisha anaongeza ndugu mwingine. Watu watatu. Sababu anaitaja mwenyewe: hakutaka mtu yeyote awe na neno la kulaumu juu ya fedha nyingi kiasi hicho, na alitaka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Kama mtume Paulo aliona anahitaji mashahidi, mimi na wewe ni nani?

Kwetu mchango mara nyingi huingia kwenye simu ya mtu mmoja mwaminifu. Simtilii shaka. Namhurumia. Siku familia ikisema "tulipata 900" na kanisa likiamini zilikuwa 1,400, hana karatasi ya kumtetea. Wawili wahesabu, mweka hazina aandike, kodi ilipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba na risiti itunzwe. Kanisa litangaziwe jumla: mwezi huu mfuko wa huruma umesaidia familia tatu kwa kiasi fulani. Majina yabaki kwa mchungaji na mashemasi.

Kuna mambo mawili ya kisheria ambayo mashemasi wayajue. Mtu akitoa fedha kupitia kanisa huku akisema "hii ni ya mama fulani", sheria ya kodi ya hapa haimruhusu kuihesabu kama sadaka ya kupunguza kodi. Akitoa kwa mfuko wa huruma, na kanisa ndilo likaamua nani asaidiwe, inahesabika. Yako mabaya zaidi ya hilo. Mzee au mlemavu anayepokea posho ya SSI hatakiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000, au 3,000 kwa wanandoa. Tukimwekea dola 4,000 za mchango kwenye akaunti yake kwa siku moja, tunaweza kumsimamishia posho kwa upendo wetu. Hata kumlipia kodi kunaweza kupunguza kiasi anachopata. Kwa hiyo kabla ya kumpa mtu wa namna hiyo chochote kikubwa, ulizeni kwanza kwa anayesimamia faili lake, au kwa ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali. Maofisa hawa wapo karibu kila hospitali kubwa, na wengi ni watu wema wanaosubiri kuulizwa. Na hofu za uhamiaji zipelekwe kwa wakili wa uhamiaji, zisijibiwe na jirani kwenye kikundi cha simu.

Neno moja juu ya Msamaria wa Luka 10, maana tukizungumza msaada lazima atajwe. Alimpa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, yaani kama ujira wa siku mbili. Si fedha nyingi sana. Lakini alisema atarudi, na kitakachozidi atakilipa. Familia zetu zinapata dinari mbili kwa wingi wiki ya kwanza: vyungu vya pilau, soda, watu sebuleni hadi saa sita usiku wakati mgonjwa anataka kulala. Mwezi wa nne ndipo sebule inakuwa tupu, na ndipo akiba imekwisha. Afadhali familia kumi zipange zamu, kila moja na wiki yake, kuliko kumi zote kufika Jumamosi moja.

Kwa vikundi vya nyumbani

Someni Matendo 6:1–7 kwa sauti, kisha mzungumze. Katika kanisa letu leo, ni nani aliye kwenye nafasi ya wale wajane wa Kiyunani? Msimtaje mtu, semeni ni watu wa namna gani, na kwa nini hatuwaoni. Kama wewe ndiwe ungeugua kesho, ungemwambia nani kwanza, na nani usingependa ajue? Mkizunguka wote kwenye swali hilo mtajifunza mengi kuhusu kikundi chenu.

Halafu kazi ya mikono. Kila kikundi kichague hospitali moja ambayo watu wetu huenda, kifungue tovuti yake, kitafute fomu ya msaada wa bili, na kuchapisha nakala tano. Angalieni kama ipo kwa Kiswahili. Kama haipo, andikeni maelezo mafupi kwa lugha yetu ya nini kinajazwa wapi. Nakala ziletwe kwa mashemasi Jumapili ijayo, ziwekwe kwenye kabati la ofisi ya kanisa, rafu ya juu, mahali ambapo mtu anaweza kuchukua moja bila kuulizwa ni ya nani.